Usiku kihisi kilipodai vifaranga wameiva

Baridi ya Juni huku Uyole, Mbeya, haina mzaha, na vifaranga wa mama hawana makoti. Wiki ya kwanza wanataka joto la nyuzi 32 hadi 35 hivi, na mama huwapa kwa jiko la mkaa. Mimi mchana nauza vipuri vya pikipiki Mwanjelwa, usiku nachezea programu. Nikaona hapa pana kazi: kifaa cha kupima joto la banda na kuniamsha kwa simu likishuka au likizidi.

Nilianza na Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya ubao mmoja. Kompyuta nzima kwa kusoma joto tu! Ni kukodi Fuso ubebe debe moja la viazi. Umeme ulikatika mara mbili ikiwa inaandika kwenye memori kadi. Ya tatu haikuwaka tena. Kabla ya hapo nilikuwa nimemaliza siku mbili natafuta kosa kwenye programu, kumbe kosa ni saa. Pi yangu haina betri ya saa, inaulizia majira kwenye intaneti. Umeme ukirudi mtandao ukiwa haupo, inaendelea na saa iliyoihifadhi mara ya mwisho, basi joto la mchana linaandikwa kuwa la usiku wa manane. Kama lazima utumie Pi, tafuta kimoduli cha saa cha DS3231 chenye betri yake, na nakili kadi yote siku ileile mambo yanapokubali.

Nikahamia ESP32, kibao kidogo chenye waifai, pamoja na kihisi cha joto cha DS18B20. Usiku wa pili simu ikalia: nyuzi 85. Nilitoka na ndala, bila hata sweta. Vifaranga wamelala zao.

Ile 85 si joto. Ndiyo namba ambayo DS18B20 inakuwa nayo ikipata umeme kabla haijapima chochote. Waya wangu ulikuwa unacheza. Umeme ukikatika na kurudi, programu inaisoma hiyo 85 kama ilivyo. Lehemu waya, usiutegemee ule ubao wa vitundu wa kuchomekea waya. Weka rezista ya kilo-ohm 4.7 kati ya waya wa data na wa umeme. Na programu ipime tena kabla ya kupiga kelele. Ukiona -127, hiyo ni laibrari (msimbo uliokwisha kuandikwa wa kusoma kihisi) inakwambia kihisi hakionekani, usikimbilie mkaa.

Pawabenki inayoilisha ESP32 nayo ina vituko vyake. Niliilaza ESP32, yaani itumie umeme kidogo mno, kati ya kipimo na kipimo ili chaji idumu, pawabenki ikadhani simu imejaa, ikajizima. Nikaacha kuilaza.

Tena badilisha kitu kimoja kwa usiku mmoja. Mimi niliwahi kubadili waya na laibrari kwa pamoja, hadi leo sijui kipi kilitibu.

Wiki iliyopita simu ilisoma 33, nikajisifu. Mama akachungulia mlangoni, akawaona wamerundikana chini ya jiko. "Baba, hawa wana baridi." Kwake hesabu ni nyepesi: wakirundikana ni baridi, wakilikimbia jiko midomo wazi ni joto. Nikaingia bandani. Kihisi nilikuwa nimekining'iniza usawa wa jiko. Nikakishusha hadi kwenye migongo ya vifaranga, nikasubiri kidogo. Kikasoma 27.