Mwalimu, nilipata kura ngapi?

Mwaka jana nilikwenda sokoni Kiboriloni kutafuta suruali ya mtumba. Kijana mmoja aliyesimama juu ya meza, jinzi zimemfika magotini, akaniamkia: "Shikamoo mwalimu." Nikaitikia marahaba bila kumtambua. Akashuka, akanitajia jina lake na mwaka aliomaliza, kisha akaniuliza: "Mwalimu, zile kura za kaka mkuu, hasa hasa nilipata ngapi?"

Nikamwambia. 214 kwa 161. "Nilijua tu," akasema, akanichagulia suruali nzuri na bei akanipunguzia. Lile punguzo liliniuma kuliko angenitukana.

Wakati ule nilikuwa mlezi wa serikali ya wanafunzi kwenye sekondari moja ya bweni hapa Moshi. Kura zilipigwa vizuri kabisa, watoto wakapanga foleni, sanduku likajaa. Tukalibeba hadi ofisini, tukafunga mlango, tukahesabu walimu watatu. Aliyeshinda ndiye huyo wa jinzi, na kosa lake lilijulikana: alishawahi kunyoosha mkono mstarini akauliza kwa nini maharage ya makande yana wadudu. Mwenzangu mmoja akasema, "Huyu tukimpa ukaka mkuu, tutalala?" Tukanyamaza. Kalamu nikaishika mimi. Asubuhi nikamtangaza yule wa pili, mtoto mpole wa watu, idadi ya kura sikuitaja. Wakapiga makofi, yale makofi ya kuamriwa.

Mwaka uliofuata fomu za kugombea zilikaa mezani kwangu wiki mbili. Waliojaza ni wawili, nao kwa kubembelezwa. Siku ya kuhesabu nikakuta karatasi kumi na kitu zimeandikwa "Makande".

Tukumbuke hao watoto darasani walikuwa wanasoma Uraia, na waliusoma kwa Kiingereza. Mtoto anakariri maana ya demokrasia, anakariri aina zake, anakariri na faida zake, mtihani anafaulu. Hajawahi hata siku moja kumpinga mtu mzima kwa hoja akasikilizwa. Mwaka mmoja au miwili baadaye anatimiza 18, Katiba ibara ya 5 inampa haki ya kura, anakwenda kumchagua mwenyekiti wa mtaa. Kuhusu kura anajua kile alichokiona kwetu.

Basi mwalimu mwenzangu uliyekabidhiwa ulezi, nikuambie yaliyonisaidia tangu nilipoacha ujinga ule.

Kura zihesabiwe mbele yao. Toa ubao nje, uweke chini ya mti maana jua la Moshi la mwezi wa pili si la mchezo, kila karatasi inyanyuliwe juu na isomwe, mtu mmoja achore vijiti vitanovitano kwa chaki. Kila mgombea awe na wakala. Mawakala wasaini, karatasi ya matokeo ibandikwe siku hiyohiyo. Walimu wenzako watataka mchujo. Sawa, lakini vigezo viandikwe kabla ya majina kuja, na mchujo umalizike kabla ya kura. Baada ya kura usiguse kitu.

Viranja wasishike fimbo. Kanuni za viboko shuleni za mwaka 2002 zinasema viboko havizidi vinne, na mwenye mamlaka ni mkuu wa shule au mwalimu aliyepewa idhini naye. Kiranja hayumo. Ukimpa mtoto fimbo kwa sababu amechaguliwa, umeshamwelekeza uongozi ni nini.

Halafu lugha. Shule nyingi zina ile sheria ya Kiingereza tu, nyingine bado zinamvisha kibao shingoni mtoto anayeongea Kiswahili. Kwa saa mbili za baraza la wanafunzi, iweke sheria hiyo kando. Mara ya kwanza tuliporuhusu Kiswahili, binti wa kidato cha kwanza ambaye sikuwahi kuisikia sauti yake alisimama akaeleza, bila kutetemeka, jinsi wadogo wanavyosukumwa mwisho wa foleni ya maji ya kuoga hadi kengele inalia hawajapata hata nusu ndoo. Ungemsikia ungefikiri ni wakili.

Ila yote hayo hayafiki mbali kama baraza halina cha kuamua. Linageuka kijiwe cha malalamiko, wanasema weee, mlezi anaandika, basi. Sisi tulianza na chakula. Mkuu wa shule aliyekuwepo wakati huo nilimsumbua karibu mwezi mzima mpaka akakubali mtunza stoo alete leja kwenye kikao. Wajumbe walitaka wali mara tatu kwa wiki. Sikuwaambia haiwezekani. Niliomba wachague wawili waende Mbuyuni sokoni pamoja na mtunza stoo, waulize wenyewe bei ya mchele, mahindi na maharage.

Wakarudi na daftari limejaa bei. Wakapiga hesabu ubaoni, kelele nyingi, mmoja akafuta ya mwenzake mara mbili. Ikaonekana wali mara tatu ungemaliza hela ya muhula kabla ya wiki ya nane. Wa kidato cha nne wakasema basi uji usiwe na sukari. Wadogo wakagoma, wanasema wakubwa wana hela za kununua maandazi. Mwisho wakapiga kura: wali Jumapili, na Jumatano wiki moja ndiyo, nyingine hapana, maharage yachambuliwe na bweni la zamu kabla ya kupikwa. Halafu wale wawili wa Mbuyuni wakauliza jambo moja. Maharage yenye wadudu sokoni yanauzwa bei ya chini, mbona kwenye leja bei ni ya yale mazuri? Kikao hicho kilikuwa kigumu kwa sisi watu wazima, nami naishia hapo. Maharage yalibadilika.

Wapo watakaosema haya ni mambo ya kigeni. Mwezi mmoja tu baada ya Azimio la Arusha, Machi 1967, Mwalimu Nyerere alitoa waraka wake, Elimu ya Kujitegemea. Wengi tunaikumbuka kwa jembe. Lakini humo alitaka wanafunzi wafanye maamuzi wenyewe, na mfano wake ulikuwa huu: fedha walizopata shambani zikodi trekta, au zifanye kazi nyingine na wao walime kwa mikono? Jembe tukalibakiza kwa watoto, uamuzi tukauhamishia ofisini.

Na sisi wa Kilimanjaro tuna la nyumbani. KNCU, muungano wa vyama vya ushirika vya wakulima wa kahawa, ilianzishwa 1933, na katika ushirika wa kahawa mwanachama mmoja ni kura moja, awe na miche kumi au shamba zima. Tuliwahi kumwalika mzee mmoja wa chama cha msingi cha huko Kibosho, akasimulia wanavyogombana kwenye mkutano mkuu kuhusu makato. Watoto walimuuliza maswali hadi chai ikapoa.

Tahadhari moja. Siku ya kwanza kabisa sema yasiyopigiwa kura: mitihani, adhabu ya mwenzao, dini ya mtu, kabila la mtu. Wingi wa mikono usiwe rungu la kumpigia mtoto mmoja. Na usiahidi mamlaka ambayo mkuu wa shule hajayakubali. Ukiyatoa halafu ukayanyang'anya, utarudi kwenye karatasi za "Makande".

Muhula uliopita baraza lilileta hoja nisikae meza ya mbele, eti nikikunja uso watu wananyamaza. Nikaipinga, nikatoa sababu zangu tatu. Ikapita, 31 kwa 9. Sasa nakaa nyuma karibu na mlango, ubavuni kwa ndoo ya maji ya kunywa, na nikitaka kusema nanyoosha mkono kama wengine. Mwenyekiti ni binti wa kidato cha tatu. Wiki iliyopita aliniruka mara mbili nikiwa nimenyoosha mkono.