Usiiwashe Kwanza: Maswali Yenu ya Kompyuta za Zamani

Baba mkwe ameniachia kompyuta yake ya Pentium yenye Windows 98 na monita ya kichogo. Imekaa stoo miaka mingi. Nina hamu ya kuiona tena ile skrini ya mawingu. Naweza kuichomeka tu? – Msomaji, Mafinga

Subiri, ndugu. Kwa baridi ya huko, hasa Juni na Julai, chuma kilichotoka stoo kikiingia sebule yenye jiko la mkaa hushika umande hadi ndani. Kilaze humo usiku kucha, mfuniko ukiwa wazi.

Asubuhi angalia nyuma ya pawa saplai. Nyingi za enzi hizo zina swichi ndogo nyekundu. Hakikisha inasomeka 230, yaani volti. Ukiikuta kwenye 115, umeme wetu utaipasua papo hapo. Halafu toa vumbi kwa brashi laini ya rangi, zungusha feni kwa kidole, na ukague kapasita (vile vipipa vidogo vya kutunza chaji) za mazabodi, ile bodi kuu ya ndani: ikiwepo iliyovimba kichwa au kutoa ute wa kahawia, mpelekee fundi wa lehemu kabla ya umeme.

Betri ya sarafu, iliyo kwenye mazabodi kutunza saa na mipangilio, ni CR2032 ya volti 3. Ikipima chini ya 2.7, weka mpya. Kwa wenye mashine za 386 na 486, vizazi vya kabla ya Pentium, hapo ndipo penye balaa: nyingi zina betri ya pipa dogo, ya nikeli na kadimiamu, nayo huvuja na kula njia za shaba. Ikate. Ukijani uliobaki sugua kwa mswaki wenye siki kidogo, kwa sababu uvujaji huo ni alkali na asidi ya siki huutuliza, kisha malizia kwa spiriti na uache pakauke kabisa.

Ukiwasha utakutana na “CMOS checksum error”. Usishtuke, ni kumbukumbu ya mipangilio iliyopotea pamoja na betri. Bonyeza Delete kuingia kwenye mipangilio, weka tarehe, na kwenye hadi diski (diski kuu ya kuhifadhia mafaili) chagua Auto. Ikisema “Non-System disk or disk error”, tazama kwanza kama kuna flopi imesahaulika mdomoni.

Hadi diski kukwaruza wakati Windows inapanda ni afya yake. Ikigonga tik, tik, tik kwa mpigo mmoja bila kupanda, zima. Na kichogo usikifungue: hubaki na maelfu ya volti hata kikiwa kimechomolewa.

Nina flopi za mitihani ya zamani. Zina madoa meupe. Nitazisomaje? – Mwalimu mstaafu, Tukuyu

Shikamoo mwalimu. Mvua za Rungwe hizo. Madoa hayo ni ukungu. Vuta kile kibati pembeni, zungusha kitovu cha chuma nyuma, utaona utando wote ulivyo. Yenye madoa usiiingize: kichwa cha draivu kitakwangua ukungu na kuupaka kwenye flopi inayofuata, hata ile nzima. Anza na safi, ukinakili zote kwenda hadi diski. Kila moja ni MB 1.44 tu. Ikija “Abort, Retry, Fail?” bonyeza R mara kadhaa, mara nyingi hukubali. Zenye ukungu ziwe za mwisho, baada ya kupanguswa taratibu kwa pamba yenye spiriti, na kichwa cha draivu kisafishwe kila baada ya flopi moja. Mafaili ya WordPerfect, programu ya zamani ya kuandikia, hufunguliwa na LibreOffice, programu ya ofisi ya bure.

Nimeweka Windows 98 kwenye Pentium 4 yenye RAM ya GB 1. Inadai memori haitoshi! – Mwanjelwa, Mbeya

Imezidi, haijapungua. Windows 98 hujitengea akiba ya mafaili kwa kadiri ya RAM inayoiona, na ikipita MB 512 akiba hiyo humaliza nafasi ya anwani, yaani namba ambazo Windows hutumia kuitaja memori. Chomoa kijiti kimoja cha RAM ibaki MB 512 au pungufu. Usipotaka kuchomoa, fungua system.ini, faili la mipangilio ya Windows, na chini ya [vcache] andika MaxFileCache=262144. Tungechomoa.