Lenzi ya Kuvuta kwa Picha za Safari Rally

Swali: Natumia Canon EOS 2000D yenye lenzi ya 18–55 tu, nami nataka kupiga picha za Safari Rally kule Naivasha. Dukani nimeona Canon 75–300 mpya ya bei nafuu, na rafiki ananiuzia Sigma 150–600 iliyotumika, ambayo itanibidi nikope ili niinunue. Nichukue ipi? (Msomaji, Nakuru)

Jibu: Ndugu msomaji, ningekushauri uziache zote mbili, utafute Canon EF-S 55–250 IS STM iliyotumika (IS ni kizuia mtikisiko, na STM ni aina ya mota inayolenga picha).

Tuanze na Sigma, kwa kuwa ndiyo inayokutia tamaa ya kukopa. Sensa ya kamera yako, yaani kipande kinachonasa picha, ina upana wa milimita 22.3, kwa hiyo, ukivuta 55–250 hadi mwisho wake wa milimita 250, fremu humeza takriban mita 4.5 za upana kwa umbali wa mita 50, na gari la rali lenye urefu wa mita 4 na kidogo huijaza karibu yote. Ili milimita 600 zikupe picha hiyohiyo, itakubidi usimame mita 120, na katikati kutakuwa na vumbi la Kedong, mojawapo ya sehemu za mashindano huko Naivasha, lile laini kama unga, pamoja na mazigazi ya joto la mchana, ambayo hakuna lenzi ya bei yoyote iwezayo kuyaondoa. Hata ukizuiwa mita 100 kutoka barabarani ukiwa na 55–250, gari litachukua karibu nusu ya fremu, na pikseli milioni 24 za kamera yako zinakuruhusu kukata kingo bila hasara kubwa. Sitaji hata adha ya kushikilia kilo 2 hivi au zaidi mikononi tangu alfajiri.

Kasoro ya 75–300 ni nyingine. Gari linalokwenda kilomita 100 kwa saa hupita karibu mita 28 kila sekunde, na kwa kuwa kamera yako hupiga picha 3 kwa sekunde, gari linalokujia husogea zaidi ya mita 9 kati ya picha moja na inayofuata. Mota inayolenga picha katika lenzi hiyo ni ya mtindo wa zamani na haiwezi kulifuata ipasavyo. Isitoshe, haina kizuia mtikisiko, na picha zake hupoteza ukali inapovutwa hadi mwisho. Mota ya STM ya 55–250 hulenga haraka zaidi. Ukiweza kuongeza fedha, Canon 70–300 IS II USM (USM ni aina nyingine ya mota) iliyotoka mwaka 2016 ni bora kuliko zote hizi kwa kazi hii, ila hakikisha ina hiyo “II”, kwani toleo lililoitangulia lina mota ya polepole.

Gari linalokujia moja kwa moja, tumia kasi ya shata ya 1/1000 ya sekunde. Linalopita ubavuni, shuka hadi 1/125 huku ukiligeukia, ili magurudumu na vichaka vionyeshe mwendo. Usibadilishe lenzi ukiwa vumbini.

Kabla ya kulipa, mulika ndani ya kioo kwa tochi ya simu utafute nyuzi za kuvu, hasa kama lenzi imekaa Pwani. Kisha simama na muuzaji mahali salama kando ya barabara kuu, upige picha za matatu zinazokuja upande wenu, na ukuze picha kwenye skrini. Namba za magari zisiposomeka katika nyingi, mrudishie lenzi yake.