Pengo la mbele: nianze na vyuma, fizi au jino la bandia?

SWALI: Shikamoo dokta. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, naishi Ng'ambo hapa Tabora, nina miaka 34. Mwaka juzi nilianguka na bodaboda jino moja la mbele juu likang'oka, nikakaa na pengo hivyo hivyo na sasa meno ya pembeni yameanza kulalia kwenye pengo. Nimeona madaktari watatu kila mmoja na lake, wa kwanza anataka anipe bandia ya kuvaa na kuvua yaishe, wa pili anasema nivae vyuma kwanza, wa tatu kaangalia fizi tu akasema hazilingani zikatwe. Nimsikilize nani? Na mimi shida yangu kubwa ni muonekano, naona aibu hata kusema.

JIBU: Marahaba, na pole sana mwalimu. Usione aibu kabisa, muonekano ndo pa kuanzia kupanga. Hao watatu inawezekana wote wako sahihi, ila kila mtu kaangalia kipande chake na hakuna aliyeuliza mwisho wa yote tunataka mdomo wako uonekaneje. Mwaka 2006 Wamarekani watatu, Frank Spear wa meno ya bandia, Vincent Kokich wa vyuma na David Mathews wa fizi, waliandika pamoja kuhusu jambo hili hili, kwamba upangaji uanzie kwenye ncha ya meno ya mbele juu.

Simama mbele ya kioo, legeza midomo bila kucheka, uone meno ya juu yanachungulia kiasi gani. Kwa mwanamke wa umri wako milimita 2 mpaka 4 ni kawaida, na kadiri umri unavyoenda zinapungua. Ncha ikishajulikana ndo unajua urefu wa jino, urefu ukijulikana ndo unajua fizi ikae wapi, hapo sasa ukataji wa fizi una sababu au hauna. Kisha daktari anaangalia unavyotafuna, isije meno ya chini yakaligonga jino jipya kila ukiuma.

Ila mpangilio wa kutibu ni kinyume na wa kupanga, muonekano unakuja mwisho. Kama kuna jino bovu au fizi zinatoka damu hiyo inatibiwa kwanza. Halafu vyuma, kwa sababu pengo lililobanwa ukilijaza leo utapata jino jembamba kuliko mwenzake wa pembeni na litaonekana tu. Na ukitaka jino la kupandikiza, yaani la skrubu ndani ya taya, ndo usifanye haraka kabisa, lile linashikana na mfupa na vyuma haviwezi kulisogeza tena, na mfupa wenyewe hupungua jino likishatoka kwa hiyo upimwe kwanza.

Muombe daktari mmoja awe msimamizi. Akutengenezee mfano wa nta kwenye nakala ya jasi ya meno yako uuone kabla hujalipa hela kubwa, na ukilazimika kupanda treni kwenda Mwanza au Dar beba huo mfano, eksirei, picha ukiwa umetulia na nyingine ukicheka, ili huko wafuate mpango ule ule.

Kuhusu kusimama mbele ya watoto na pengo wakati wa vyuma, mwambie wa vyuma akufungie jino la muda kwenye waya wenyewe, inawezekana na wengi wanafanyiwa.