Bao Limeshangiliwa Zanzibar, Muscat Hakuna Hata Dalili ya Shambulio

SWALI: Mhariri, assalaam alaykum. Mimi ni mzaliwa wa Unguja ninayefanya kazi Muscat, na ni mpenzi wa Simba tangu utotoni. Tarehe 25 Mei 2025 nilitazama kwa simu, kupitia intaneti, mchezo wa marudiano wa fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika baina ya Simba na RS Berkane ya Moroko, uliochezwa katika Uwanja wa Amaan. Kwa simu ya pili nilikuwa nikizungumza na dada yangu, ambaye nyumba yake haiko mbali na uwanja huo. Joshua Mutale alipofunga katika dakika ya 17, dada alinipigia kigelegele sikioni wakati kwenye kioo changu hapakuwa na hata dalili ya shambulio. Mwishoni, Berkane waliposawazisha, alinyamaza ghafla katikati ya sentensi, nami nikajua yaliyotokea kabla sijayaona. Je, picha inachelewa kwa sababu gani, ilhali Oman iko mbele ya Zanzibar kwa saa nzima? Je, kampuni niliyoilipa inanidhulumu? Katika kundi letu la WhatsApp kuna mtu huturushia linki za kutazama bure. Je, hizo zina kasi zaidi? Na je, siku nyingine nimwombe dada azime simu?
Msomaji wa Muscat

JIBU: Waalaykum salaam. Hiyo saa moja ya Oman ni haki ya jua peke yake. Limekutangulia wewe kuchomoza, lakini mpira hauna habari nalo.

Tuanze na dada yako, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa na chombo chenye kasi kuliko vyote, yaani masikio yake. Sauti husafiri hewani takriban mita 340 kwa sekunde moja, kwa hiyo nyumba iliyo umbali wa nusu kilomita kutoka uwanjani hupokea shangwe za mashabiki baada ya sekunde moja na nusu tu. Hata jirani yake mwenye king'amuzi na dishi juu ya paa huwa amepitwa, na wakazi wa Amaan wanaijua hali hiyo vizuri, kwani husikia uwanja ukilipuka kwanza, kisha ndipo hugeuka kutazama televisheni ili waone nani amefunga.

Watu wengi hudhani kwamba kosa ni la setilaiti kwa sababu iko mbali. Ni kweli kwamba setilaiti za matangazo hukaa juu ya Ikweta kwa umbali wa karibu kilomita 36,000, lakini mawimbi huenda kwa kasi ya mwanga, na safari ya kupanda na kushuka huchukua takriban robo ya sekunde. Sekunde chache zinazobaki katika televisheni ya dishi hupotea katika kuibana picha ili iwe nyepesi, kuipitisha kituoni, kisha kuifungua tena ndani ya king'amuzi.

Kwenye intaneti mambo ni mazito zaidi. Picha ya mchezo haikufikii kama mto unaotiririka bila kukatika, bali hukatwa vipande vidogo vidogo, aghalabu vya sekunde sita kila kimoja, na kila kipande huandaliwa kwa viwango kadhaa vya ubora, ili mwenye mtandao hafifu apewe picha ya ukungu na mwenye mtandao imara apewe picha inayoonyesha hata jasho la kipa. Kipande cha sekunde sita hakiwezi kutumwa kabla ya sekunde hizo sita kupita uwanjani. Kisha programu iliyo ndani ya simu yako haianzi kuonyesha kipande cha kwanza mara tu inapokipata, bali husubiri ikusanye vitatu hivi kama akiba. Hapo tayari zimeondoka sekunde kumi na nane, na bado hatujahesabu muda wa kuandaa vipande wala wa kuvisambaza kwenye mitambo iliyotawanyika duniani. Jumla kufika nusu dakika ni jambo la kawaida, na wakati mwingine huzidi.

Wewe umekulia Unguja na bila shaka unajua kwa nini nyumba inayopata maji ya bomba kwa mgao huwa na mitungi na ndoo zilizojaa. Akiba hiyo ya picha ndiyo mtungi wenyewe. Mtandao ukiyumba kwa sekunde kumi, simu huendelea kuchota kutoka kwenye mtungi na wewe hujui kama bomba limekauka. Mafundi wanaweza kuupunguza mtungi, na zipo njia mpya zinazotumia vipande vidogo zaidi ili kukaribiana na dishi, lakini kadiri akiba inavyopungua ndivyo picha inavyoganda mtandao unapoyumba. Kwa hiyo, hapana, kuchelewa kwenyewe si dhuluma. Kampuni imekuchagulia picha isiyokatika kuliko picha ya haraka, na kwa maoni yangu imechagua vyema, ingawa nakiri kwamba mimi situmii muda wangu nikizungumza na mtu anayeishi karibu na uwanja.

Kuna ucheleweshaji mwingine ambao ni wewe mwenyewe unayeweza kuuondoa. Picha inapoganda kisha ikaendelea, programu nyingi huendelea pale pale zilipoishia, bila kuruka mbele kufuata mchezo. Ukigandiwa mara nne, kila mara kwa sekunde kumi, utakuwa umerudi nyuma kwa sekunde arobaini juu ya zile za awali, na wala hakuna atakayekuarifu. Programu kadhaa huwa na kitufe cha kukurudisha kwenye matangazo mubashara. Kibonye wakati wa mapumziko. Kama hakipo, funga programu na uifungue upya mapumziko hayo hayo, na kamwe usifanye hivyo wakati mpira wa kona unapigwa.

Ama linki za bure, jibu langu ni hapana, na sisemi hivyo kwa ajili ya sheria peke yake, ijapokuwa sheria ipo. Anayerusha linki hizo huwa ameichukua picha kutoka kwenye matangazo yale yale ya halali, akaikata vipande upya na kuituma tena, hivyo unapokea mchezo uliocheleweshwa mara mbili. Wenye haki huzisaka linki hizo mchezo ukiendelea na kuzifunga, na mchezo wa fainali hautakusubiri utafute linki nyingine. Zaidi ya hayo, nyingi zimejaa vitufe vya uongo vya kuanzisha picha, ambapo kimoja hukupeleka kwenye matangazo ya kamari, kingine hukutaka upakue programu isiyojulikana, na kingine hukuomba namba ya kadi ya benki eti kwa uthibitisho tu. Kitu kinachotolewa bure hakihitaji kadi yako ya benki.

Njia ya halali ipo, ila hubadilika kulingana na nchi uliyopo, kwa sababu haki za kuonyesha michezo ya CAF, yaani Shirikisho la Soka Afrika, huuzwa kwa maeneo. Programu unayoitumia ukiwa Unguja inaweza kukataa kufunguka Muscat, si kwa ubaya, bali kwa kuwa aliyeinunua haki ya Tanzania hakununua ya Oman. Katika nchi za Kiarabu, michezo ya CAF imekuwa ikionyeshwa na beIN, yenye makao yake Doha. Kabla ya mchezo unaofuata, hakikisha mapema ni nani mwenye haki mahali ulipo, na uilipie siku moja kabla, kwa kuwa dakika tano kabla ya filimbi ya kwanza kila mtu anajisajili na mitambo huelemewa.

Huenda ukalalamika kwamba hapo mtangazaji huzungumza Kiarabu, nawe roho yako inataka kusikia Kiswahili. Wazee wetu walilijua hili tangu zamani, walipokuwa wakizima sauti ya televisheni na kufungulia redio, kwa imani (ambayo nami ninayo) kwamba mtangazaji wa redio huuona mpira vizuri zaidi. Unaweza kufanya vivyo hivyo kwa redio ya mtandaoni. Tatizo litakuwa kuvioanisha, na kanuni yake ni kwamba kilicho mbele kinaweza kusubirishwa, lakini kilicho nyuma hakiwezi kuharakishwa. Sikiliza mpira wa kurusha au wa adhabu unapopigwa, uone sauti imetangulia kwa sekunde ngapi, kisha isimamishe redio kwa sekunde hizo na uiruhusu iendelee. Kama picha ndiyo iliyotangulia, isimamishe picha.

Kabla sijarudi kwa dada yako, nijibu barua fupi inayohusiana na hii.

SWALI: Mimi ni shabiki wa Yanga, naishi Tukuyu. Katika fainali ya Kombe la Shirikisho la CRDB mwaka 2024 dhidi ya Azam, bando langu liliisha kabla ya penalti, na ushindi nikaambiwa na konda wa daladala. Je, ninunue bando la kiasi gani?

JIBU: Pole sana, maana mchezo ule ulikwisha bila bao na Yanga wakashinda kwa penalti 6 kwa 5, umekosa sehemu tamu peke yake. Hesabu yake ni rahisi. Picha inayotumia megabiti moja kwa sekunde, ambayo kwa simu ya kawaida inatosha kuona mpira na namba za jezi, hula takriban megabaiti 450 kwa saa, kwa kuwa megabiti nane hufanya megabaiti moja. Mchezo wa dakika 90 pamoja na mapumziko na dakika za nyongeza hukaribia saa mbili, yaani megabaiti 900. Mchezo wa kombe, hata hivyo, usiuhesabu kama wa ligi, kwani dakika 30 za ziada, mapumziko yake mafupi na mikwaju ya penalti huongeza karibu dakika 50. Kwa hiyo weka gigabaiti moja na nusu, na uende mwenyewe kwenye mipangilio uteremshe ubora wa picha, kwa sababu ukiiachia programu ijichagulie, nayo ikakuta mtandao mzuri, itapanda hadi megabiti tatu kwa sekunde na kula mara tatu ya hesabu hiyo. Zima pia usasishaji wa programu nyingine, ambazo zina tabia ya kuamka wakati usiofaa.

Sasa, msomaji wetu wa Muscat, tumalizie suala la dada. Usimwombe azime simu. Mtu anayeusikia Uwanja wa Amaan akiwa barazani kwake ana kitu ambacho kampuni yoyote ya matangazo haiwezi kukuuzia, na zile sekunde za ukimya wake, kwenye kioo chako Simba wakiwa bado wanahitaji bao moja tu kufuta deni la 2-0 la mchezo wa kwanza kule Berkane, nadhani zilikuwa afadhali kwako kuliko kuliona bao lile bila mtu wa kusikitika naye. Patana naye kabla ya mchezo. Kama mnataka kuwa pamoja, basi weka simu ya picha pembeni na yeye awe mtangazaji wako, kisha mabao utayatazama baadaye kwa utulivu. Kama unataka kuona mwenyewe, kateni simu mwamuzi anapopuliza filimbi ya kuanza, uzime na arifa za kundi lile la WhatsApp, na filimbi ya mwisho ikilia Amaan, dada ahesabu polepole hadi mia moja ndipo akupigie.