Kumwachia mtu mbwa na paka ukisafiri

Dada, nimekuelewa: unakwenda Moshi wiki mbili, na kijana wa jirani ndiye atakayebaki na mbwa na paka wako. Mwite siku mbili kabla, awalishe wewe ukiwepo. Mbwa wangu aliwahi kugoma kula siku nzima kwa sababu mgeni alimpa ugali wa moto na dagaa wa chumvi (na mimi sikuwa nimemwelekeza). Mwonyeshe kipimo kwa kikombe. Vitunguu asitie kabisa, ni sumu kwa wote wawili. Paka abaki ndani siku za mwanzo, la sivyo atakutafuta mtaani.

Acha kadi za chanjo, namba ya daktari wa mifugo na hela ya dharura. Kijana aking'atwa, aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo.