Maswali na Majibu: Amiga baada ya miaka 40

Mwezi uliopita niligusia hapa, kwa sentensi mbili tu, kwamba kompyuta ya Amiga imetimiza miaka 40 tangu ilipozinduliwa, na kwamba wapo watu ambao mpaka leo wanaitengenezea programu mpya. Sentensi hizo zimeniletea maswali mengi kuliko makala nzima niliyoiandika siku hiyo. Nimeyachagua saba, na nitayajibu kwa kadiri ninavyoifahamu mashine hii ambayo nimeipenda kwa muda mrefu.

Sijawahi kuiona Amiga hata kwa picha. Ilikuwa na nini hata watu waendelee kuililia? (Msomaji wa Mombasa)

Amiga ya kwanza, iliyokuja kuitwa Amiga 1000, ilizinduliwa na kampuni ya Commodore jijini New York tarehe 23 Julai 1985 katika ukumbi wa Lincoln Center, ambako msanii Andy Warhol aliketi mbele ya hadhira akaitumia kuitia rangi picha ya mwimbaji Debbie Harry. Iliuzwa dola 1,295 bila skrini, ikiwa na kumbukumbu ya kilobaiti 256 na prosesa ya Motorola 68000 yenye kasi ya megahezi 7 na ushei. Tarakimu hizo hazimshangazi mtu leo. Kilichoitofautisha ni jinsi kazi zilivyogawanywa ndani yake: timu ya wahandisi chini ya Jay Miner, aliyekuwa amekwisha kubuni chipu za kompyuta za Atari, ilitengeneza chipu tatu zilizopewa majina ya Agnus, Denise na Paula, nazo zikachukua mzigo wa picha na sauti ili prosesa ibaki na nafasi ya kufanya mengine. Kwa njia hiyo mashine ya nyumbani iliweza kuchagua rangi kutoka katika 4,096, kupiga sauti katika njia nne, na kuendesha programu kadhaa kwa wakati mmoja, huku mfumo wenyewe ukizigawia zamu bila kusubiri hisani ya programu yoyote.

Waliofaidika zaidi walikuwa watu wa picha na muziki. Mwaka 1987 Karsten Obarski alitoa programu ya kupanga muziki iliyomwezesha kijana asiye na studio kutunga wimbo kwa vipande vifupi vya sauti, na mtindo huo ukaenea Ulaya nzima. Mwaka 1990 kampuni ya NewTek ya Marekani ilitoa Video Toaster, kadi iliyochomekwa ndani ya Amiga 2000 ikafanya kazi za kuchanganya picha za televisheni ambazo hapo awali zilihitaji mitambo ya bei kubwa mno. Picha za vyombo vya angani katika misimu ya mwanzo ya tamthilia ya Babylon 5 zilianzia katika mashine hizo. Aliyeishika Amiga akiwa na umri wa miaka kumi na mitano aliona kwa macho yake kompyuta ikigeuka kuwa chombo cha sanaa, na jambo la namna hiyo halisahauliki.

Kama ilikuwa bora kiasi hicho, kwa nini Commodore ilifilisika? (Arusha)

Kwa sababu ilistarehe juu ya ubora wa mwaka 1985. Amiga 500 ya mwaka 1987 iliuzwa vizuri sana, hasa Uingereza na Ujerumani, lakini chipu za picha hazikubadilishwa kwa kiwango kikubwa mpaka mwaka 1992 zilipotoka Amiga 4000 na Amiga 1200, na kufikia hapo kompyuta za kawaida za ofisini zilikuwa zimekwisha kuikaribia na katika baadhi ya mambo kuipita. Mchezo wa Doom, ambao mchezaji huzunguka ndani ya majengo akipiga risasi, ulipotoka Desemba 1993 ulidhihirisha pengo hilo waziwazi: Amiga iliihifadhi picha katika tabaka tabaka, mpangilio uliofaa sana kwa michezo ya kusogeza mandhari pembeni, ilhali mchezo wa aina ile ulitaka kuandika kila nukta peke yake na kwa haraka. Commodore ilitangaza kufunga biashara tarehe 29 Aprili 1994.

Ninasoma sheria. Nani hasa anaimiliki Amiga leo? (Nairobi)

Swali hili ndilo kiini cha mambo yote. Chukua mfano wa shamba la mirathi ambalo mmoja wa warithi amepewa haki ya minazi, mwingine haki ya ardhi, wa tatu jina la ukoo, na kila mmoja ana karatasi yake anayoiamini.

Mali za Commodore zilinunuliwa mwaka 1995 na Escom ya Ujerumani, nayo ikafilisika mwaka uliofuata. Mwaka 1997 zikaenda kwa Gateway 2000 ya Marekani, ambayo haikutengeneza Amiga hata moja. Mwishoni mwa mwaka 1999 sehemu kubwa ya haki hizo ikauzwa kwa kampuni changa ya Amino, iliyojibadilisha jina ikawa Amiga, Inc. Tarehe 3 Novemba 2001 kampuni hiyo iliingia mkataba na Hyperion Entertainment ya Ubelgiji ili iutengeneze mfumo endeshi mpya, AmigaOS 4, kwa prosesa za PowerPC. Toleo la kwanza kamili lilitoka Desemba 2006, na mwaka 2007 pande hizo mbili zikafikishana mahakamani. Suluhu ya mwaka 2009 iliipa Hyperion haki pana juu ya mfumo huo, lakini haikuwa na maneno yaliyoeleweka kwa namna moja na kila mtu. Hyperion ilipotoa toleo la 3.1.4 kwa ajili ya mashine za zamani mwaka 2018, kampuni ya Cloanto, yenye asili ya Italia na inayodai hakimiliki za kazi za enzi ya Commodore, ilisema suluhu ile haikufika huko. Mwaka huo huo wa 2018 kesi ilifunguliwa tena jimboni Washington, Marekani.

Kwa hiyo jina, nembo, msimbo wa zamani na msimbo mpya vyote vina wadai, na si wadai hao hao. Kwa maoni yangu, mgogoro huu umeiumiza Amiga kuliko hata kufilisika kwa Commodore, kwa kuwa kampuni ikifa, wapenzi wanaweza kuokota vilivyobaki na kuendelea, lakini msimbo uliofungiwa kabatini na mawakili haumruhusu hata fundi mwenye nia njema kurekebisha kosa moja. Programu wanazozipenda zimesubiri hukumu kwa miaka, na wanaoweza kuzirekebisha wanazidi kuzeeka.

Mimi ni mtengeneza programu. Kwa nini AmigaOS mpya haitumii viini vyote vya prosesa, na kwa nini programu moja ikikosea inaangusha mashine nzima? Si warekebishe tu? (Dodoma)

Ungekuwa karibu ningekualika tulichambue hili mchana kutwa, kwa maana ndipo uzuri na udhaifu wa Amiga vilipokutana mahali pamoja. Carl Sassenrath, aliyeandika sehemu ya msingi ya mfumo iitwayo Exec, alikuwa na prosesa isiyo na kitengo cha kulinda kumbukumbu na kilobaiti chache za kufanyia kazi. Aliamua kwamba programu zote zikae katika uwanja mmoja wa kumbukumbu, na kwamba programu inapotaka kuipelekea nyingine ujumbe, isiunakili bali iipe anwani tu mahali ujumbe ulipo. Uamuzi huo ndio ulioifanya Amiga iwe nyepesi na yenye kuitika papo hapo, kiasi kwamba anayeizoea huona kompyuta nyingine zinasuasua. Lakini maana yake ni kwamba kila programu inaweza kuingia chumba cha mwenzake na kukivuruga, kwa makusudi au kwa bahati mbaya.

Ukijenga kuta leo, maelfu ya programu zilizoandikwa kwa kuamini kwamba hakuna kuta zitakwama. Kuhusu viini vingi, yaani sehemu za prosesa zinazofanya kazi sambamba, ni vivyo hivyo: mfumo una amri iitwayo Forbid, ambayo programu huitumia kuzuia zamu za wenzake wakati inaposhughulikia jambo nyeti, na amri hiyo inatosha pale tu ambapo prosesa ni moja. Kiini cha pili kikianza kazi, kizuizi hicho hakina nguvu juu yake. Ndiyo maana AmigaOne X5000, mojawapo ya kompyuta mpya zilizoundwa kwa ajili ya AmigaOS 4 na ambayo prosesa yake ina viini viwili, inakitumia kimoja tu chini ya AmigaOS 4.

Kuna na jambo la tatu, ambalo wengi hawalitaji. Motorola 68000 na PowerPC huziandika namba kubwa zikianza na baiti nzito, na prosesa za kawaida za x86 huanza na baiti nyepesi. Kwa kuwa programu za Amiga husoma moja kwa moja miundo ya mfumo ndani ya kumbukumbu ya pamoja, huwezi kuchanganya programu ya zamani na mfumo wa x86 katika uwanja ule ule bila moja kusoma namba za mwenzake kinyume. Hivyo uchaguzi wa PowerPC mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulikuwa na mantiki. Kisha mwaka 2005 Apple ikatangaza kuachana na PowerPC, na mwaka 2008 ikainunua P.A. Semi, kampuni iliyotengeneza prosesa ambayo baadaye iliwekwa katika AmigaOne X1000. Kundi dogo la wapenzi likabaki na njia ambayo wenye fedha wameihama.

Sidhani kama warekebishaji ni wavivu. Wanaombwa kubadilisha msingi wa nyumba bila kuitikisa dari.

Ninunue AmigaOne mpya? (Kampala)

Hapana, isipokuwa kama tayari unaijua na unataka kuwaunga mkono wanaoitengeneza. Bodi hizo hutolewa kwa idadi ndogo na bei yake inafanana na idadi hiyo. Anza na programu ya kuiga mashine kwenye kompyuta uliyo nayo: UAE ilianza mwaka 1995, na WinUAE iliyotokana nayo ni sahihi kiasi cha kutosheleza karibu kila mtu. Utahitaji mafaili ya ROM yenye leseni, yaani nakala za programu ya msingi iliyokuwa ndani ya chipu ya Amiga, ambayo Cloanto huyauza katika kifurushi cha Amiga Forever. Ukivutiwa, ndipo utafute Amiga 500 au 1200 ya zamani, au kifaa kama MiSTer ambacho chipu yake hupangwa upya ndani ili ifanye kazi kama zile za asili.

Wapenzi wa Amiga wengi ni watu wa makamo. Je, haitazikwa pamoja nao? (Zanzibar)

Ninaihofia siku hiyo, na sitaki kukudanganya. Wanaojua kuandika programu za Agnus kwa mkono hawaongezeki kwa kasi inayotakiwa. Lakini nikitazama ni wapi pana uhai, naona mfanano mmoja: pana uhai pale ambapo kazi iliachwa wazi ili mtu mwingine aishike. Mradi wa AROS, ulioanza mwaka 1995, unaandika upya mfumo wa Amiga kwa leseni huria, na hauhitaji ruhusa ya mdai yeyote katika kesi niliyoieleza. Aminet, ghala la programu lililoanza mwaka 1992, bado linapokea mafaili mapya. PiStorm, bodi ndogo inayochomekwa mahali pa prosesa ya 68000 ili kompyuta ya Raspberry Pi ifanye kazi yake kwa kasi kubwa mno, ilianza kama mradi wa wazi, na yeyote anayejua kushika solda anaweza kuiunda. Na utamaduni wa kutengeneza maonyesho ya picha na muziki kwa msimbo mfupi, ambao Amiga ilikuwa mojawapo ya vitovu vyake, uliingizwa katika orodha ya kitaifa ya urithi usioshikika nchini Finland mwaka 2020, na Ujerumani mwaka 2021. Vijana wanaokuja katika maonyesho hayo hawakuikuta Commodore ikiwa hai, nao wanaichagua Amiga kwa sababu mipaka yake inaeleweka: mtu mmoja anaweza kuijua yote, kuanzia waya hadi wimbo.

Ndiyo sababu ninawasihi wapenzi wenzangu waache kuingoja kampuni ya kuwaokoa. Kila mwenye msimbo wa programu yake ya zamani, hata kama anauona wa aibu, autoe hadharani kwa leseni iliyo wazi angali hai na ana akili timamu ya kutia sahihi.

Baba mkwe wangu hapa Hamburg ametuachia Amiga 2000 na sanduku la disketi. Imekaa stoo miaka ishirini. Niiwashe? (Hamburg)

Pole kwa msiba, ikiwa ndivyo ulivyoipata. Usiiwashe kwanza. Kwenye bodi kuu, karibu na prosesa, kuna betri ya kuchajiwa yenye umbo la pipa dogo, na baada ya miaka mingi huvuja maji yanayokula nyaya za bodi. Fungua kasha, na ukiona ukungu wa kijani au wa bluu, mpe fundi aikate betri hiyo, asafishe kwa siki kidogo ili kuua ukali wa maji hayo, kisha afute kwa spiriti safi na kuiacha ikauke kabisa. Hata kama haijavuja, itolewe. Saa ya mashine itapotea kila ukiizima, na hiyo ni hasara ndogo sana.

Disketi zishughulikie mapema zaidi kuliko mashine, kwa sababu bodi hurekebishika lakini sumaku iliyofifia hairudi. Kila moja huchukua kilobaiti 880 kwa mpangilio ambao kompyuta za kawaida haziusomi, hivyo tumia kifaa kidogo cha USB kiitwacho Greaseweazle pamoja na kiendeshi cha disketi cha kawaida, ambacho husoma mawimbi yenyewe ya sumaku na kuyahifadhi kama faili. Safisha kichwa cha kusomea kila baada ya disketi chache. Anza na zile zilizoandikwa kwa mkono wa baba mkwe wako, uziache za michezo ya dukani mpaka mwisho: michezo hiyo imekwisha kuhifadhiwa na wengine, lakini barua zake, michoro yake na hesabu za nyumba yake zimo humo tu.